Nani Mbu Ampendae

Usiku wa hina wa mtoto wa kaka yangu, hapa Mpendae, mjini Unguja, bibi harusi aliumwa na mbu mpaka machozi yakamlengalenga. Alikuwa ameketi juu ya godoro, miguu ameinyoosha, nyayo mpaka vifundoni zimejaa maua ya hina mbichi na piko, mikono kadhalika. Hawezi kujikuna, hawezi kupiga kofi, hawezi hata kuuvuta mguu chini ya kanga, maana ua moja likivurugika mpakaji anaanza upya. Kazi ya kuwafukuza mbu tuliifanya sisi wengine kwa pepeo za ukili, na tuliifanya vibaya, kwa sababu kila mmoja alikuwa anaongea.

Shangazi yangu mkubwa, aliyeegemea ukuta na tasbihi yake, akatoa hukumu bila kuombwa. "Si hayo maudi yenu! Mmemfukiza tangu asubuhi, mkampaka liwa, mkampaka asumini, mkamrashia marashi mpaka kichwani, kisha mwashangaa. Mbu naye ana pua."

Kutoka upande wa pili wa chumba mama yake bibi harusi akajibu kwa adabu, lakini akajibu: tangu azaliwe hajapata kumwona mbu akisogelea udi, udi ndio unaowafukuza, na laiti si udi mtoto angekuwa ameshamalizwa. Mwingine akaleta habari ya mafuta ya nazi. Mwingine akasema mbu hana habari na harufu, anafuata damu tamu. Hina ilikauka, ikabanduliwa, bibi harusi akaenda kulala, na ubishi ulikuwa haujaisha.

Mimi nilinyamaza, jambo ambalo si kawaida yangu. Ubishi huu nina historia nao. Nilipokuwa kidato cha tatu niliwahi kuumaliza, au ndivyo nilivyodhani. Niliiba matone matatu ya atari ya dada yangu, nikaupaka mkono wa kushoto kutoka kiwikoni mpaka kiganjani, wa kulia nikauacha mtupu. Baada ya Magharibi nikakaa ukumbini, daftari juu ya paja. Kila mbu aliyetua nilimpigia mstari kwanza, kofi baadaye. Saa moja ilipopita mkono wa kushoto ulikuwa na mistari 11, wa kulia 4. Nikaandika kwa herufi kubwa kwamba manukato yanavuta mbu, na kesho yake nikalipeleka daftari skuli kama mtu aliyebeba sahani ya halua.

Mwalimu wetu wa bayolojia alilisoma lote. Hakucheka wala hakusifu. Akaniuliza, "Dirisha lilikuwa upande gani?"

Lilikuwa kushoto.

"Na karo lenu la maji machafu liko wapi?"

Nyuma ya dirisha.

"Na wewe binti unaandika kwa mkono gani?"

Wa kulia. Maana yake mkono wa kulia ulikuwa ukicheza na kalamu saa nzima, na wa kushoto umetulia kama mguu wa bibi harusi. Mwalimu akanirudishia daftari. "Leo kaa pale pale, saa ile ile, usijipake kitu. Halafu uje."

Nikakaa. Kushoto 9, kulia 3. Atari ilikuwa imebaki chupani kwa dada, na mkono wa kushoto bado uliongoza.

Nimesahau mengi niliyofundishwa skuli, lakini ile mistari 9 bado naiona. Kile alichonifanyisha mwalimu kina jina vitabuni: jaribio lenye udhibiti. Mimi ningekieleza kwa namna ya barazani. Katika kila baraza la Unguja yupo mbishi mmoja. Ukisema jua limetoka mashariki, atakuuliza ulisimama wapi. Watu humkimbia, humpa majina. Ufundi wa kupanga jaribio ni ufundi wa kumkaribisha mtu huyo, kumpa kahawa, na kumsikiliza kila pingamizi kabla kazi haijaanza. Kila sehemu ya jaribio zuri iliyoonekana kama usumbufu usio na maana, ukiichunguza utakuta ni jibu la mbishi fulani aliyewahi kuuliza kuhusu dirisha.

Jikoni kwetu tunao mfano wa zamani. Mwaka 1668 Mtaliano Francesco Redi alitaka kujua funza wa kwenye nyama wanatoka wapi. Watu wa zama zake walikuwa na yakini kwamba nyama ikioza inawazaa yenyewe. Redi akatia nyama katika mitungi, mingine akaiacha wazi, mingine akaiziba kabisa. Funza wakaonekana kwenye iliyo wazi tu. Wengi wetu tungesherehekea hapo. Lakini mbishi angesema: mtungi ulioziba haukupata hewa, pengine funza huzaliwa kwa hewa. Kwa hiyo Redi akaandaa mitungi mingine akaifunika kwa kitambaa chepesi. Hewa inapita, nzi hapiti. Nzi wakaja wakazunguka juu ya kitambaa, na nyama ya ndani haikuota funza. Kila ninapofunika sinia la wali kwa kawa namkumbuka. Kawa letu lile la ukili, linalopitisha mvuke na kumzuia nzi, ni sehemu ya pili ya jaribio la Redi, ila bibi zetu hawakuwa na haja ya kuandika kitabu.

Turudi kwa mbu, ambaye ana hila kuliko nzi.

Anayeuma ni jike peke yake, kwa ajili ya mayai. Humtambua mtu kwanza kwa pumzi, ile hewa ya kaboni tunayoitoa, kisha kwa harufu ya ngozi, na akishakaribia huongozwa na joto. Lakini jike na dume wote hunywa maji matamu ya maua. Ndiyo sababu hukumu ya shangazi haikuwa upuuzi hata kidogo: mdudu anayetafuta asumini kwa chakula huenda akaisogelea asumini iliyo kwenye kikuba cha nywele. Na hukumu ya mama yake bibi harusi nayo haikuwa upuuzi, kwani moshi ni moshi, na mafuta mengi ya mimea, karafuu yetu na mchaichai zikiwemo, yamejulikana siku nyingi kuwa yanawaudhi wadudu. Wazee wawili, dhana mbili, zote zina miguu. Hapo ndipo maneno huishiwa na kazi.

Na waliofanya kazi hiyo kwa uangalifu walirudi na majibu ya kushangaza. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la New Mexico, Marekani, walilinganisha dawa kadhaa za kufukuza mbu, na pamoja nazo wakaingiza manukato ya dukani yenye harufu ya maua na matunda, Bombshell ya Victoria's Secret. Walitazamia manukato yawavute. Yakawafukuza kwa zaidi ya saa mbili. Nawaheshimu kwa jambo jingine: wenyewe walieleza kwamba kiasi walichotumia kilikuwa kikubwa. Yaani mbishi alikuwa ameketi mezani pao wakiandika.

Mwaka 2023 wenzao wa Virginia Tech wakaja na sabuni nne na watu wanne. Kila mtu alilinganishwa na nafsi yake, alivyo kabla ya kuoga kwa sabuni na alivyo baada ya kuoga, na harufu yake ilichukuliwa kwa kitambaa cha nailoni alichovaa mkononi. Mbu walikuwa wale wa mchana, wenye miguu ya madoa meupe, waletao homa ya dengi. Matokeo: sabuni ile ile ilimfanya mtu mmoja apendwe zaidi na mwingine asipendwe. Sabuni yenye harufu ya nazi ndiyo iliyoelekea kuwafukuza. Niliposoma habari hiyo nilitaka kukimbia kwa shangazi na chupa ya mafuta ya nazi mkononi. Nikajizuia. Sabuni ya Marekani yenye harufu ya nazi si mafuta ya nazi yaliyopikwa Makunduchi, na watu wanne wa Virginia si watu wa Mpendae. Kinachosafiri kutoka kule kuja huku ni namna ya kuuliza. Jibu lao linabaki kwao mpaka tuulize wenyewe.

Hata mahali unapouliza hubadili jibu. Mfano ninaoupenda kuliko yote umetoka nchini mwetu, bonde la Kilombero, kwa watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara. Fredros Okumu na wenzake walichanganya amonia, asidi zinazopatikana kwenye jasho na hewa ya kaboni, wakapata harufu ya mtu asiyekuwepo. Wakaiweka katika nyumba za majaribio zilizojengwa kwa kazi hiyo, na mwaka 2010 wakachapisha walichokiona. Harufu ya kutengenezwa ikiwa nyumba moja na mtu akiwa nyumba nyingine, harufu ilikusanya mbu mara tatu mpaka tano kuliko mtu. Vikiwekwa pamoja, nyumba moja, ubora ule ukatoweka. Mtu alikuwa sawa nayo au zaidi. Mbu aliye mbali anachagua nyumba. Mbu aliyeshaingia ndani anachagua mwili. Ni maswali mawili, na mtu asiyejua kuwa ni mawili ataweza kugombana na jirani yake miaka ishirini, wote wawili wakiwa wakweli.

Kabla yao alikuwepo Mholanzi Bart Knols, ambaye naye alipata kufanya kazi Ifakara. Yeye na Ruurd de Jong walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba mbu wetu wa malaria, mtu akikaa nusu uchi bila kutikisika, huelekea sana miguuni na vifundoni. Wakaiosha miguu kwa sabuni ya kuua bakteria isiyo na manukato, na mbu wakapoteza mapenzi yale ya miguu. Angalia neno hilo dogo: isiyo na manukato. Kama wangetumia sabuni inayonukia, nani angejua kama kilichowabadilisha mbu ni bakteria walioondoka au harufu iliyokuja? Baadaye Knols akaona kwamba jibini la Limburger, linalonuka kama soksi, linawavuta mbu hao hao, na mwaka 2006 yeye na de Jong wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Wacha wacheke. Mimi nilimfikiria bibi harusi wetu: miguu wazi, haitikisiki, saa nne mfululizo. Katika chumba kilichojaa wanawake thelathini wanaopumua na kutoka jasho. Wakati wa usiku. Tulikuwa tumemwandalia mbu kila anachokitaka, halafu lawama tukaitupia chetezo.

Basi wiki mbili baada ya harusi nikaenda kwa shangazi na daftari jipya. Baada ya shikamoo na chai ya tangawizi nikamwambia nataka tupange jaribio la udi, na yeye awe mbishi. Akasema hiyo kazi haihitaji kuombwa.

Nilikuwa na mpango mwepesi kichwani. Vyumba viwili, kimoja kifukizwe udi, kingine kisifukizwe, mbu wahesabiwe. Shangazi akanywa chai, akauliza, "Huo udi unauchomea nini?"

"Makaa, shangazi."

"Na hicho chumba kingine kina makaa?"

Nilibaki na kikombe hewani. Makaa yanayowaka yanatoa joto, na yanatoa hewa ya kaboni, ile ile ambayo mbu huifuata kwenye pumzi zetu. Chetezo kinaweza kuwaita mbu kwa makaa na kuwafukuza kwa udi katika dakika hiyo hiyo, nasi tukapima jumla ya viwili tukaiita udi. Mwanamke aliyeacha skuli darasa la saba alikuwa ameona kitambaa cha Redi kabla yangu mimi niliyekwenda chuo.

Kwa hiyo vyumba vikawa vinne. Cha kwanza chetezo chenye makaa na udi. Cha pili chetezo chenye makaa matupu. Cha tatu chetezo baridi chenye vipande vya udi usiowashwa, kwa ajili ya yule atakayesema harufu inatosha bila moshi. Cha nne chetezo baridi kitupu, kwa sababu mbishi fulani lazima atasema mbu walipenda udongo wa chetezo.

Vyumba navyo si sawa. Kimoja kinatazama mtaroni, kimoja kina feni bovu, kimoja ndicho cha watoto. Usiku nao si sawa: upo wa upepo, upo wa mvua, upo wa jirani kuchoma taka. Dawa ya hili ni ya zamani na inaitwa mraba wa Kilatini. Chora mraba wa vyumba vinne kwa siku nne, kisha vipange vile vyetezo vinne ili kila kimoja kilale usiku mmoja katika kila chumba, na kila usiku vyote vinne viwepo. Chumba kibaya kitamwonea kila mtu mara moja, usiku mbaya kadhalika, na uonevu ukigawanywa sawasawa unakuwa haumdhuru yeyote. Ronald Fisher, Mwingereza aliyeyapanga majaribio ya mashamba ya Rothamsted, aliueneza mtindo huo, na katika kitabu chake cha mwaka 1935 alieleza kisa cha bibi mmoja aliyedai kuwa akionja chai anajua kama kilichotangulia kikombeni ni maziwa au chai. Vikombe vinane, vinne hivi na vinne vile, mpangilio kwa bahati nasibu, bibi asijue. Kuvichagua vinne vyote sawasawa kwa kubahatisha tu kuna nafasi moja katika 70. Shangazi alikipenda sana kisa hicho. Akasema yeye angejua, na maziwa ni ya kutangulia.

Halafu akaniharibia mraba wangu. Nilikuwa nimeupanga kwa kuzungusha tu, kila chetezo kihamie chumba cha pili yake kila usiku. "Udi ukifukizwa leo," akasema, "pazia linanukia Ijumaa mbili." Kweli. Kanzu iliyofukizwa inafuliwa na bado inanong'ona. Kwa kuzungusha, chetezo kile kile kingekuwa kila mara ndicho kinachorithi chumba cha udi, na kingepata sifa au lawama isiyokuwa yake. Tukatoa mapazia yote. Tukaweka siku tatu za kupumzisha vyumba, madirisha wazi, kati ya usiku mmoja wa jaribio na mwingine. Na mraba tukaupanga upya ili kila kimoja kimfuate kila mwenziwe mara moja tu. Kwa vinne inawezekana, jaribu mwenyewe na penseli, itakuchukua kikombe kizima cha chai.

Nani atalala humo? Hakuna. Makaa katika chumba kilichofungwa yanaua, kila masika tunasikia mahali fulani. Na kumweka mtu awe chambo cha mbu wa mjini, na dengi hii, ni kumwomba alipe ubishi wetu kwa damu yake. Ndani ya kila chumba tutatundika mtego wa feni ndogo inayovuta mbu, na karibu yake jozi ya soksi nyeupe za pamba zilizovaliwa usiku kucha. Soksi za mtu mmoja, kwa vyumba vyote vinne vya usiku huo, kwa sababu tumeshaona kwamba watu hawalingani. Siku mbili kabla, mwenye soksi asijipake kitu, na aoge kwa sabuni moja isiyonukia. Mpwa wangu wa kiume alijitolea kwa furaha ya mtu aliyeambiwa asioge, tukamfahamisha kwamba kuoga ataoga. Siku tukitaka kuingiza miguu ya majirani, tutaomba kwanza ruhusa kwa wanaohusika na maadili ya utafiti wa afya Zanzibar. Ya ukoo wetu tunayamaliza wenyewe.

Palikuwa pamebaki mhesabu, na mhesabu ndiye mwizi mkubwa. Sio kwa nia. Jicho linalotaka udi ushinde litaona mbu nusu mahali pa mbu mmoja. Asubuhi kila mtego unatolewa mfuko wake, mfuko unatiwa katika bahasha yenye namba tu, bahasha zinaingia kwenye friza ili mbu wafe bila kupondeka. Anayeandika namba asiwe anayehesabu. Shangazi aliyakubali yote isipokuwa friza, kwa kuwa ndimo zinamolala barafu zake za ukwaju anazowauzia watoto wa mtaa. Tukaafikiana: bahasha ndani ya kopo, kopo ndani ya mfuko, mfuko upande wa samaki. Kisha kila mbu atageuzwa kwa kibano juu ya karatasi nyeupe. Wengi wanaoingia vyumbani usiku mjini kwetu ni wale wa kwenye makaro na mitaro, wanaopiga kelele sikioni. Tutakachokipata kitakuwa habari yao. Wa mchana hawakuulizwa, wala wa malaria.

Jambo lililonipa kazi kubwa kumweleza lilikuwa la hesabu. Alisema tukipata mbu 200 katika usiku mmoja, huo si ushahidi wa kutosha? Nikamwuliza: mashahidi 200 wakiletwa mahakamani na daladala moja, wote wameiona ajali kupitia dirisha moja, hakimu atahesabu wangapi? Mbu wa usiku mmoja wameletwa na upepo mmoja. Kinachohesabika ni chumba kwa usiku, na mraba mmoja una 16 tu. Ndiyo maana tumeandika tutarudia mara nne, na tumeiandika sasa, kabla ya kumwona hata mbu mmoja, ili nisije nikasimama siku matokeo yaliponifurahisha au kuendelea kwa sababu yaliniudhi. Najijua.

Huenda msomaji anaona huu ni ukubwa wa mambo kwa ajili ya moshi wa udi. Lakini kisiwa hiki kiliwahi kufaidika na uangalifu wa aina hii. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Makunduchi, ambako matende na mabusha yalikuwa yamewachosha watu, Chris Curtis na Caroline Maxwell kutoka London, pamoja na wenzao wa Zanzibar, walimwaga katika vyoo vya shimo na makaro chembe nyeupe nyepesi za plastiki, jamaa ya zile tunazozikuta kwenye kasha la televisheni mpya. Chembe zilielea zikafunika maji. Kiluwiluwi cha mbu hakipati pa kutolea mrija wake wa pumzi, na jike hapati pa kutaga. Watu wakapewa na dawa ya minyoo ya matende. Lakini tungejuaje kwamba kilichosaidia ni chembe na sio dawa peke yake? Kwa kuwa palikuwa na mji mwingine wa kulinganishia, uliopata dawa bila chembe. Mji ule wa pili hausimuliwi sana. Bila yake Makunduchi ingekuwa hadithi ya bahati.

Mimi sina hakika udi utafanya nini. Nikilazimishwa nitasema makaa matupu yataongoza kwa mbu, na udi utawapunguza kidogo, lakini nimeiandika dhana hiyo katika ukurasa wa kwanza pamoja na ya shangazi, yake juu, yangu chini, kama umri unavyotaka, na tarehe pembeni. Hakuna atakayeweza kusema baadaye kwamba alijua siku zote.

Tutaanza mvua za masika zikipamba moto, mitaro ikishajaa. Mpango mzima ni kurasa mbili, umebandikwa kwa sumaku juu ya friji ya shangazi, karibu na bei ya barafu. Ukipita Mpendae, ingia usome. Na ukiliona dirisha ambalo sisi hatukuliona, tuambie kabla mvua hazijaanza.